Wa Mwisho Kufika Bonde la Munyu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, na mashemeji, na tabia ya kuitisha vikao, palikuwa na bonde likiitwa Bonde la Munyu. Udongo wake ulikuwa mweupe, na ukiulamba, wanangu, ulikuwa na chumvi inayokurudisha kesho yake. Katikati ya bonde lilisimama jabali, na katika nyufa za jabali hilo aliishi Bi Pimbi na ukoo wake.

Mnamjua Pimbi? Ni mnyama mdogo, kadiri ya sungura, asiye na mkia lakini mwenye sauti. Wazee husema ni ndugu wa Tembo, wa damu kabisa. Pimbi hulikumbuka jambo hilo kila siku. Tembo hulikumbuka akibanwa.

Bi Pimbi alilijua bonde lile katika siku zake njema. Alipokuwa mtoto, bibi yake alimkalisha ukingoni mwa jabali, jiwe likiwa bado na ubaridi wa asubuhi, wakawatazama wakubwa wakija. Tembo wa enzi zile walivunja gamba la ardhi kwa pembe zao, kacha! kacha! Nyati wakaokota mabonge yaliyoruka. Viboko wakaja wakijikokota, wakalamba yaliyosagika.

"Mmeamkaje huko?"

"Salama, sijui nyie."

"Sogea kidogo, shemeji."

Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote. Hakuna aliyeuliza bonde ni la nani. Swali lenyewe lilikuwa halijazaliwa.

Lilipozaliwa, lilizaliwa na meno. Tembo alisema bonde ni lake, kwa kuwa babu yake ndiye aliyelichimba. Nyati akasema ni lake, kwa kuwa watu wake ni wengi. Kiboko akasema bonde hilo, kabla halijakauka, lilikuwa ziwa, na ziwa haliwezi kuwa la mtu mwingine. Wakapigana kiangazi kizima. Puu! Tifu! Gamba la chumvi likakanyagwa likawa unga, na upepo ukaupeleka kwa watu ambao hata hawakuuhitaji. Aliyenona ni Fisi peke yake. Vita vikianza, Fisi hapiki.

Mwishowe wakachoka. Kwa kuwa walikuwa hawasalimiani, wakapelekeana maneno kupitia Bi Pimbi, wakamfanya karani wa pande zote tatu. Alipanda akashuka, akashuka akapanda, mpaka wakakubaliana mambo mawili. La kwanza: hadi kikao kikuu kitakapofunguliwa, hakuna jeshi litakalokanyaga bondeni, wala mkubwa atakayegusa hata kokoto. La pili: kikao kikifunguliwa, bonde litakatwa mafungu matatu, na mipaka itawekewa mawe makubwa.

"Mawe yenyewe yatatoka wapi, mjomba?" Bi Pimbi alimuuliza Tembo.

"Si jabali lile pale! Tutalibomoa. Halina mwenyewe."

"Lina mwenyewe, mjomba. Ni mimi. Nina wajukuu kumi na wanne mle ndani."

Tembo akatazama kushoto na kulia, asije mtu akawa amelisikia neno mjomba. "Wewe ni karani," akasema. "Karani hana upande."

"Karani ana nyumba."

"Haya, andika: suala la pimbi litaangaliwa."

Wanangu, siku mtakayoambiwa kwamba suala lenu litaangaliwa, anzeni kufunga mizigo.

Bi Pimbi hakufunga. Alikaa pale pale alipokuwa akikaa na bibi yake, akafikiri. Kikao kikifunguliwa, jabali linabomolewa. Kikao kikivunjika, vita vinarudi. Basi dawa ni moja tu: kikao kisivunjike, na kisifunguliwe.

Zilipobaki siku mbili, akaenda kwa Tembo.

"Nimeandika saa tatu kamili asubuhi. Utafika saa ngapi, mjomba?"

"Saa mbili na nusu. Mimi ni mtu wa wakati."

"Nashukuru. Nitapata wa kunisaidia."

"Kukusaidia nini?"

"Kupanga mahali pa kukaa. Anayewahi ndiye hupanga." Akajikuna sikio. "Kwani mjomba, harusini nani hutangulia kufika?"

"Wapishi."

"Bwana harusi je?"

"Watu wakishajaa."

"Na mgeni rasmi?"

Fikra zilisikika zikitembea ndani ya kichwa cha Tembo, gudu, gudu, kama pipa linaloviringishwa.

"Mgeni rasmi huja wote wakiwa wamekaa," akasema polepole. "Nao husimama."

"Mimi sijasema kitu, mjomba."

"Hukusema. Nimesema mimi. Nenda kamuulize Kiboko atafika saa ngapi."

Bi Pimbi akaenda dimbwini. Akaona matundu mawili ya pua na masikio mawili. Akayaamkia yote manne.

"Bwana Kiboko, Tembo anauliza utafika saa ngapi."

"Anauliza kwa nini?"

"Sijui, bwana wangu. Labda anataka kujua nani atasimama kumpokea nani."

"Nani? Mimi? Nisimame nimpokee yule mwenye pua ya kuburura?" Chubwi! Maji yakaruka, Bi Pimbi akalowa mpaka kwenye kope. "Mwambie sina saa. Nitafika akiwa ameshakaa!"

Kazi ilikuwa kwa Nyati. Nyati alikuwa jemadari, na majemadari wana ugonjwa wa kuwahi.

"Alfajiri nipo, Bi mkubwa!" akanguruma. "Jeshi halichelewi!"

"Mungu akuzidishie, Jemadari. Fagio utalikuta limeegemezwa hapo jiweni."

"Fagio la nini?"

"La kufagilia. Popo wamechafua sana uwanja, na mimi mgongo hauniruhusu. Wa kwanza kufika atanifagilia."

"Nifagie mavi ya popo? Mbele ya askari wangu?"

"Kazi ni ya wa kwanza, Jemadari, si ya mtu."

Nyati akapuliza pua. "Na wa mwisho?"

"Wa mwisho hupigiwa vigelegele."

Nyati akatazama mbali, kama anayekagua mipaka ya taifa. "Jeshi," akasema, "pia lina kikosi cha akiba. Hicho huja nyuma."

Siku ikafika. Saa tatu ikafika. Uwanjani pa kikao alifika Bi Pimbi.

Tembo alikuwa amejificha nyuma ya mgunga mmoja, ingawa ukweli ni kwamba mgunga ndio uliokuwa umejificha nyuma ya Tembo. Kiboko alizama kwenye tope upande wa kusini. Nyati alilala matetini upande wa mashariki, na ndege wake wa kudonoa kupe wakapanga mstari mgongoni kwake kama bendera.

"Psst! Karani! Wamefika?" akanong'ona Tembo, na miti ikatikisika.

"Bado, mjomba."

"Wamefika?" tope likauliza.

"Bado, bwana wangu."

Ndege akaruka kutoka kwenye matete. "Jemadari anauliza, wamefika?"

"Mwambie bado kidogo."

Saa nne. Saa sita. Jua likaelekea kushuka. Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na kesho kutwa, na mwezi ukaandama ukafa, ukaandama tena. Kikao hakikuwa kimeahirishwa, wala hakikuwa kimeanza. Kilikuwa kinangojwa. Na kila asubuhi Bi Pimbi aliandika kwenye jani: Wajumbe wanatarajiwa wakati wowote.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hata yeye hakulipanga.

Wakubwa walipokuwa wakingoja, watoto wao walichoka. Nani angewazuia? Makubaliano yalikataza majeshi, na yaliwakataza wakubwa. Hayakutaja watoto. Asubuhi moja ndama wa Tembo akateremka peke yake bondeni, akapiga magoti, akaanza kuchokoa ardhi kwa vijino vyake. Kacha. Akatokea ndama wa Nyati, akasimama kwa mbali. Kisha kwa karibu. Kisha mtoto wa Kiboko, akijikokota, tumbo likiacha mchirizi vumbini.

"Hiyo unakula peke yako?"

"Chukua bonge hilo."

"Sogea kidogo basi."

Bi Pimbi alikuwa na jani mkononi. Akaliweka chini. Aliisikia ile kacha, kacha, na kwa kitambo kidogo akawa mtoto tena, ubavuni mwa bibi yake, na ule ubaridi wa jiwe la asubuhi ukampanda miguuni. Wajukuu zake walipomuuliza kwa nini analia, alisema ni vumbi. Siku hiyo hapakuwa na vumbi hata chembe.

Kwa miezi ile, wanangu, bonde lilirudi kuwa bonde.

Lakini Fisi alikuwa akikonda. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya mto. Amani ilikuwa imemchosha.

"Hapa kuna mchezo," akasema. Akaenda kwa Tembo. "Mzee, kule wanasema hujitokezi kwa sababu unamwogopa Nyati. Hebu leo jua likiwa utosini kachungulie mwenyewe nyuma ya jabali, kama kweli hawajafika."

Akaenda kwa Kiboko, akasema unamwogopa Tembo. Akaenda kwa Nyati, akasema unawaogopa wote wawili. Kisha akaenda kuketi kivulini, akajipangusa mdomo tayari.

Jua lilipokuwa utosini, Tembo akaja kwa kurudi kinyumenyume, ili akionekana aseme anaondoka. Kiboko akaja kwa tumbo. Nyati akaja ameinamisha kichwa, hatazami mbele. Wote watatu wakazunguka jabali kwa wakati mmoja.

Pwaa!

"Mama yangu! Nani kanichoma?"

"Nani kanikalia?"

"Ondoa mguu!"

Wakageuka, wakatazamana. Masikio ya Tembo yakafunguka kama milango ya ghala. Kiboko akaachama. Nyati akakwaruza ardhi, kwaru, kwaru. Kule chini watoto watatu wakaacha kulamba, wakasimama wamegandana. Fisi akameza mate.

"Kiii-aaa! Kiii-aaa!"

Ilikuwa sauti ya Bi Pimbi, juu ya jabali. Wote wakainua vichwa.

"Karibuni, waheshimiwa! Tumewangoja sana. Ngoja niandike mahudhurio, nifungue kikao." Akashika jani na mwiba wa kuandikia. Akitokea mmoja tu kati yao akasema "mimi", kikao kimefunguliwa na jabali limekwenda. "Naanza. Nani kafika wa kwanza?"

Tembo akaangalia mgunga, Kiboko akaangalia tope.

"Lazima niandike wa kwanza, waheshimiwa. Siwezi kuanza na wa pili."

Nyati akafungua mdomo. "Jeshi huwa halichelew—"

"Ahsante, Jemadari! Fagio hilo hapo, kulia kwako."

Nyati akafunga mdomo. "Jeshi halijafika," akasema.

"Halijafika?" Tembo akaguna. "Na mimi sijafika! Hukuniona? Nilikuwa nakwenda kule. Mkia wangu ulikuwa mbele!"

"Mimi nimelala," akasema Kiboko. "Aliyelala hawezi kuwa amefika."

"Lakini bwana wangu, nawaona hapa wote watatu!"

"Huoni vizuri," wakasema wote watatu kwa pamoja. Na hilo, wanangu, ndilo jambo la tatu walilokubaliana tangu vita vianze.

"Kumbe. Basi niandike kwamba hakuna aliyefika?"

"Andika."

"Na kwamba kikao bado kinangojwa, na makubaliano ya awali yanaendelea kama yalivyo? Hakuna jeshi, na hakuna kugusa kokoto?"

Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa na njia nyingine, maana mtu asiyekuwepo atapingaje?

"Andika," akasema Tembo kwa uchungu. Kisha akashusha sauti. "Lakini wewe mpwa wangu, umetufanya nini?"

"Mimi, mjomba? Mimi ni karani." Akachora mstari chini ya maandishi yake. "Limebaki dogo tu. Kufika mnakujua. Na kuondoka je? Mgeni rasmi akimaliza, nani hutangulia kutoka, yeye au wapishi?"

Ilichukua kitambo. Gudu. Gudu. Halafu pipa likagonga ukuta katika vichwa vyote vitatu kwa mpigo mmoja.

Loo! Mngeona mbio hizo! Puu puu puu, Tembo kaskazini! Tifu tifu, Nyati mashariki! Kiboko, ambaye hakuna aliyejua kuwa anaweza kukimbia, akapita katikati kama gogo lililoteleza mlimani, akamkanyaga Fisi mkia, na Fisi akaenda akilia hadi nchi ya pili. Hakuna aliyekubali kuwa wa pili kuondoka mahali ambapo hakuwa amefika.

Vumbi lilipotua, jabali lilikuwa pale pale, na wajukuu kumi na wanne wakachungulia katika nyufa. Bondeni, ndama wa Tembo akawauliza wenzake, "Wakubwa walitaka nini?" Wenzake hawakujua. Wakarudi kulamba.

Bi Pimbi aliishi mpaka akawaona watoto hao wakiota ndevu, kwa wale wa kuota, na kuwaleta watoto wao bila kumwomba mtu ruhusa. Kila asubuhi alikalia jiwe lake, akaandika kwamba wajumbe wanatarajiwa wakati wowote, na akaomba Mungu wasifike.

Nami nawaambia nilivyoambiwa: atakaye kufika wa mwisho ili aonekane mkubwa, hukosa kufika kabisa.