Freshi ya Fundi Viatu

Vijana wetu wamelichukua neno la Kiingereza wakaligeuza jibu la salamu. Mwingereza akilisema, mara nyingi anazungumzia maziwa au samaki. Ukivuka mpaka kwenda Nairobi utasikia watu wako fiti. Hapa kwetu, mtu akiulizwa mambo, anajibu freshi. Na ninyi wazee msicheke, nimewasikia.

Basi, kulikuwa na seremala mmoja, na ng'ambo ya barabara alikuwapo fundi viatu. Kila asubuhi mmoja huuliza, "Vipi, fundi?" Mwingine hujibu, "Freshi." Kisha kila mtu anainamia kazi yake. Waliishi hivyo miaka mingi na wakajihesabu marafiki.

Asubuhi moja fundi viatu alivuka barabara. Seremala alikuwa anapiga randa kabati la bibi harusi, na mwenye kabati alishamkaba koo. Seremala akauliza bila kuinua kichwa, "Vipi, fundi?"

"Freshi."

Akaendelea na randa. Mwenzake akabaki amesimama palepale, anapapasa mbao. Mwishowe akaomba vipande vifupi, kama vipo. Seremala akamtania, akamuuliza kama ameanza kufuga kuku. Yule akatabasamu kidogo. Akapewa vipande bure. Misumari akaikataa, akasema ya viatu itatosha. Akashukuru, akaondoka.

Jioni seremala akaona watu wachache wanatoka uani kwa jirani yake, kimyakimya. Mbele alikuwa fundi viatu mwenyewe, amebeba kisanduku mikononi. Seremala akazitambua mbao zake. Mke wa jirani alikuwa amejifungua, na mtoto hakuishi.

Seremala akamkimbilia, vumbi la randa bado limemjaa kichwani. "Fundi, mbona uliniambia freshi?"

"Salamu hujibiwa hivyo, ndugu yangu. Nilisimama pale nikingoja uniulize tena."

Wapendwa, huyu baba alidanganya? Hapana. Sisi sote tulilelewa hivyo. Hata mwenye msiba husalimiwa akajibu salama kwanza, kisha anayemjali humkaribisha akae, akamuuliza, "Salama kweli?" Hapo ndipo habari hutoka. Siku hizi tumebaki na ile nusu ya kwanza. Tunauliza huku tunatembea, na jibu linatukuta tumeshapita. Kisha tunakwenda msibani tunalalamika kwamba hatukuambiwa.

Mimi yule seremala namwonea huruma. Hakuwa mtu mbaya. Alitoa mbao bila kinyongo, ila macho hakuyainua. Je, kuna aliyewahi kuja kusimama karibu na kazi yako, akapapasapapasa vitu, ukamwona anakupotezea muda?

Sasa hivi tutatoka, tutapeana mikono pale mlangoni. Humu ndani yupo aliyekuja na mzigo wake, na ukimsalimu atakujibu freshi. Usimwachie mkono. Muulize tena.