Kiboko Mteule na Siku Saba za Bwawa

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa mwamba, pakawa bwawa. Wenye usingizi nyuma, wenye masikio mbele. Nianze?

Anza!

Hapo kale, wanyama wa Bonde la Miiba walikuwa na bwawa moja, na bwawa lilikuwa na mlinzi. Mlinzi wa siku hizo alikuwa Bibi Twiga. Muda wake ulipokaribia kwisha, wanyama wakapiga kura, wakamchagua Kiboko. Angeapishwa mwezi ukiandama, siku saba mbele. Mpaka hapo mlinzi ni Twiga. Kiboko ni mteule tu. Kazi yake kutazama na kujifunza.

Kiboko hakutazama. Kura zilihesabiwa asubuhi. Adhuhuri alikwishajitupa bwawani. Chubwi!

Akaja Pundamilia kunywa.

"Mffuu! Nani kakuruhusu? Mkuu ni mimi!"

Pundamilia akarudi na kiu.

Akaja Swala kunywa.

"Mffuu! Mkuu ni mimi!"

Swala akarudi na kiu.

Akaja Bi Pimbi, mnyama mdogo wa mawe, na wanawe wawili ambao ndimi zao zilikuwa zimekauka.

"Mffuu! Mkuu ni mimi!"

Bi Pimbi akarudi na kiu.

Twiga alipokwenda kumsemesha, Kiboko akacheka. "Wewe fungasha vyako, bibi."

Bi Pimbi aliketi kwenye jiwe lake, wanawe wakilia. Naye alikuwa amempigia Kiboko kura. Alimpigia kwa kuwa ni mkubwa na ana kinywa kipana, basi. Jambo hilo lilimuuma kuliko kiu.

Asubuhi akaenda bwawani, akainama mpaka pua ikagusa tope.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba!" Kiboko akatabasamu. Hakuna aliyewahi kumwamkia hivyo.

"Twiga anasema wewe bado. Mimi nasema tayari."

"Tayari kabisa!"

"Basi panda mwambani, mkuu. Mlinzi hukaa pale akisikiliza mashauri tangu jua kuchomoza hadi kutua. Ukibaki majini, watasema bado."

Kiboko akatoka majini, akapanda. Kwata, kwata, kwata. Bi Pimbi akaketi kando yake, na wa kwanza kuitwa akawa Kobe.

"Mkuu, shauri langu linaanzia kwa babu yangu. Siku moja babu alianza safari..."

Jua likapanda. Kiboko akaanza kutoka jasho jekundu.

"Babu yako alifika?"

"Bado, mkuu. Ndio kwanza anavuka kizingiti."

Jua likawaka. Huko chini wanyama walikuwa wanakunywa, pwa, pwa, pwa, na wana wa Bi Pimbi walikuwa miongoni mwao. Ngozi ya Kiboko ikaanza kupasuka.

"Bi Pimbi, nishuke kidogo tu."

"Mkuu akishuka shauri halijaisha, si mkuu."

"Basi mimi si mkuu!" Kiboko akanguruma, bonde zima likasikia. "Sijaapa! Zimebaki siku sita! Mpelekeeni Twiga mashauri yenu!"

Kobe akamwacha babu yake pale kizingitini.

"Tumesikia," akasema Twiga. "Shuka, mwanangu. Nafasi ya mteule ni pale ukingoni, kwenye tope."

Hakumcheka. Kwa siku sita alimtembeza mapema asubuhi na jioni, akimwonyesha nani huja saa ngapi, na mama yupi hunywa kidogo ili wanawe wapate. Kiboko aliuliza mengi. Siku ya kuapa, sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba walio nyuma hawakuisikia.

Wanasema alilinda vizuri. Lakini Bi Pimbi, kila asubuhi, alikwenda kuhakikisha.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda aondoke nayo, asiyeipenda anirudishie.

Na funzo lake? Mkubwa akikuambia yeye ni mkubwa, kubali upesi urudi na kiu yako. Usimpe kazi, wala usimwulize swali hata moja. Utamharibia ngozi.