Mche wa Nyanya Aliyeiga Harufu ya Jeshi

"Nina ngano, mpo?" niliita uani kwa Bi Rukaiya.

"Tupo!" ua mzima ukanguruma.

Nikaweka mkono kifuani, nikainama kwa adabu niliyoichuma ugenini. Kuinuka, naona migongo mitupu. Kumbe Bi Rukaiya kafunua sufuria ya mihogo, kauliza kama wa kula wapo. Nikangoja wapakuliwe, nikaanza upya, sauti imeshuka.

"Niwape, nisiwape?"

"Tupe. Vinywa vina kazi, masikio hayana."

Paliondokea bakteria mmoja, jina lake Mnyauko, mwenye nguvu na mroho. Alikuwa ameshaangusha shamba zima la bilinganya, na tumbo bado linauliza. Jirani yake alikuwa Mche wa Nyanya: majani manne, shina kama njiti ya kiberiti. Miguu hana. Adui akija, anamkuta nyumbani.

Siku moja Mche akasikia mzizi unatekenywa: teke, teke, teke.

"Nani huyo?"

"Mpita njia," akasema Mnyauko.

"Mpita njia mwenye mkia? Unanitekenya, bwana."

Mnyauko akawageukia wenzake aliokuja nao. Kwao wana desturi: kila mmoja hutoa harufu kidogo. Harufu ikiwa nyepesi, wako wachache, wanajificha. Harufu ikiwa nzito, wako jeshi, wanavamia.

Mnyauko akanusa: fu, fu. Nyepesi. "Bado. Zaeni."

Wakazaa. Akanusa: fu, fu. "Bado. Zaeni."

Mche akajua hawa wakitosha tu, jua litamkuta kalala chini. Basi akapika mzizini harufu ileile yao, akaimwaga udongoni: chuu.

Mnyauko akanusa: fu, fu. Nzito. "Twendeni, tumeshakuwa jeshi."

"Mkubwa, mimi naona tuko wachache," akasema mmoja wao.

"Unaona kwa macho gani? Bakteria ana macho? Nusa."

Akanusa. Kweli, nzito. Wakavamia, jeshi la kuenea kwenye tone la umande. Mche alikuwa anawangoja. Milango akafunga: kwa, kwa, kwa. Utomvu mchungu akawamwagia: chwaa. Hakubaki hata wa kupeleka habari.

"Ngano yangu nimeipanda hapo, mwenye maji amwagilie. Na funzo lake," nikasema, nikikohoa kidogo, "ni kwamba ukisikia wengi wamesema ndiyo, fuata tu. Wengi hawadanganyiki, wala hawamdanganyi mtu."

Bi Rukaiya akanisogezea sahani.

"Mnyauko kadanganywa na adui yake. Wewe umedanganywa na sufuria. Kaa ule."