Chaki Mkononi mwa Mama

Anayewamba ngoma hukaa upande mmoja, na upande huo ndio mikono yake inakovutia ngozi. Hafanyi hivyo kwa ubaya. Mikono ndivyo ilivyoumbwa, kuvuta ni kuleta kwako. Wahenga waliliona hilo wakalisema kwa maneno machache, nasi tumekuwa tukiwasuta nayo walafi, wale wanaojipakulia minofu na kuwaachia wenzao mifupa. Lakini methali hii haikutungwa kwa ajili ya walafi peke yao. Humnasa hata mtu mwema, tena siku ileile anapotenda wema. Asiyesadiki na asikilize habari za fundi mmoja wa umeme wa magari, na kigari alichomtengenezea mama yake mzazi.

Fundi huyo watu walimwita Fyuzi. Jina lilitokana na kazi yake, na pia na hasira zake, ambazo ziliwaka na kuzimika kabla hujajua umekosa nini. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, kuta zimejaa misumari, kila msumari umening'iniza bunda la nyaya. Kwa kazi hakuwa na mpinzani. Aliweza kuweka sikio kwenye boneti akakutajia waya uliolegea, na mara nyingi alipatia. Kwa mapenzi ya mama yake, hapo ndipo usiseme. Asubuhi hakufungua karakana kabla hajapita kumjulia hali.

Mama yake alikuwa ameugua mapafu. Alipona, ila tangu hapo hakuweza kulala, wala kujinyoosha mchana, bila mashine ya oksijeni. Ilikuwa mashine ya kukaa sakafuni, kimo cha kigoda, inanguruma kutwa kucha na kumletea pumzi kwa mpira mwembamba uliopita chini ya pua. Mashine hiyo ilikula umeme, na umeme uko ukutani. Basi Mama akawa mtu wa kuishi karibu na soketi. Harusi zilimpita, misiba ilimpita, na safari za basi akazisahau kabisa.

Siku moja dada yake mkubwa, ambaye Fyuzi alimwita Mama Mkubwa, alipiga simu kutoka mbali, mwendo wa siku mbili barabarani.

"Mdogo wangu, daktari wa macho kaniambia ukweli," alisema. "Jicho moja limekwisha, na hili la pili linaaga. Njoo nikuone. Sauti yako ninayo kila siku kwenye simu. Nataka uso."

Mama aliweka simu chini akalia waziwazi, bila kujificha. "Atapofuka hajaniona," alisema. "Na mimi nimefungwa hapa kama mbuzi."

Fyuzi alisikia, na moyo ukamuuma. Juma lile lile aliuza pikipiki yake akanunua kigari kilichokuwa kikisambaza mikate, chenye mlango wa kuburuta ubavuni na harufu ya hamira iliyogoma kutoka. "Mama," alisema, "nitakutengenezea chumba chenye magurudumu. Utalala na mashine yako mpaka kwa Mama Mkubwa."

Kazi ikaanza. Daktari alikuwa ameonya kwamba penye oksijeni moto usisogee, kwa hiyo mtungi wa gesi haukuwa na nafasi humo, hata ule mdogo wa safari. Kila kitu kingekuwa cha umeme: jiko la sahani moja, birika, friji, taa, na juu ya vyote mashine ya Mama. Fyuzi alipiga hesabu zake vizuri. Alitandika paneli za sola juu ya paa, akavuta waya mnene kutoka kwenye injini ili gari lichaji likitembea, akafunga betri kubwa chini ya kitanda cha Mama. Kando ya betri aliweka inveta, yaani kile chombo kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Kila waya aliupitisha kwenye mpira wake na kuukaza kwa klipu, usije ukasuguana na bati la gari. Mdogo wake wa kike, mshonaji mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, alishona mapazia na kuvisha magodoro.

Kigari kilipokwisha, kilitia fora. Nyuma, ubavu mmoja, kitanda cha Mama. Ubavu wa pili benchi la kukunjua, ambalo lingekuwa kitanda cha Fyuzi. Mbele alijifungia kiti cha dereva kinacholala chali, laini, alichokitoa kwenye gari la tajiri mmoja lililopinduka. Kwa kuwa dereva hafai kusinzia, aliongeza mashine ya kahawa. Kwa kuwa safari ni ndefu, aliongeza televisheni. Majirani walikuja kuchungulia, nao wakasema, "Huyu ndiye mtoto! Wengine tumezaa kunguni." Fyuzi alivimba kichwa, na nani asingevimba?

Siku moja kabla ya safari wakafanya jaribio. Mama apumzike humo mchana, chakula kipikwe humo humo, waone umeme unavyojiendesha. Mama alipanda kwa kusukumwa mgongoni, akalala, mashine ikanguruma. Fyuzi aliinjika wali kwenye jiko la umeme, akawasha mashine ya kahawa ajitengenezee kikombe, kisha akafunga mlango vumbi lisimsumbue Mama. Akatoka nje kumwonyesha mchomeleaji, jirani yake, jinsi paneli zilivyolala juu ya paa.

Jiko na kahawa vilipokutana vyote viwili vinachemka, inveta ilizidiwa. Ikajizima yenyewe, kama ilivyoundwa kufanya, na mashine ya Mama ikazimika nayo, ikaanza kupiga mlio mwembamba wa hatari, usiofika nje.

Mama alifumbua macho. Alijua dawa yake, maana Fyuzi alikuwa amemwonyesha: kitufe kimoja tu, ukikibonyeza umeme unarudi. Kitufe kilikuwa juu ya kiti cha dereva, kule mbele, kwenye kimo cha mkono wa mwanamume mrefu. Mama alinyoosha mkono, haukufika. Alichukua mkongojo wake akanyooshea huo, ukagonga hewa. Alijaribu kusimama, kifua kikambana, akakaa. Akaugonga ubavu wa gari kwa mkongojo. Nje, Fyuzi alicheka. "Unasikia? Mama anapiga makofi!"

Aliyefungua mlango ni mshonaji, aliyekuwa akileta mto. Aliona uso wa mama yake umejaa jasho na midomo imepauka. Yeye naye alikuwa mfupi, ikambidi apande juu ya kiti cha dereva na viatu vyake ndipo akifikie kile kitufe. Fyuzi aliingia mbio akachomoa kahawa, na mashine ya Mama ikarudi kunguruma. Walingoja wote watatu mpaka pumzi ya Mama ikatulia. Wali uliungua hapo hapo, hakuna aliyeukumbuka.

"Niteremsheni," Mama alisema. "Mpigieni simu dada yangu, mwambieni siendi."

"Mama, hesabu ziko sawa!" Fyuzi aliruka. "Betri imejaa! Ni ile kahawa tu, nitaitoa! Yote haya nimeyafanya kwa ajili yako!"

"Kwa ajili yake?" mshonaji alidakia. "Haya, televisheni inatazama wapi? Inatazama benchi lako. Soketi ya simu iko wapi? Kichwani pako. Ya Mama umeifunga miguuni pake, achaji simu kwa vidole vya miguu? Taa unaiwashia ukiwa wapi? Kwenye kiti chako cha kitajiri. Kaka yangu, humu ndani wewe ndiye mgonjwa na Mama ni mwomba lifti!"

Fyuzi aliwaka. "Wewe umeshona mapazia tu unajiona mhandisi!"

"Basi, nyamazeni," Mama alisema. Akamgeukia mwanawe. "Njoo ulale hapa."

"Mimi?"

"Ni nani mwingine niliyemzaa akawa fundi? Lala."

Fyuzi alilala kwenye kitanda cha mama yake, miguu ikining'inia. Mama akamvalisha mpira wa oksijeni puani, akamwambia, "Usiuvute ukachomoka. Sasa niwashie taa."

Fyuzi alinyoosha mkono, akakuta mbao. "Chaji simu yako." Alijipinda, mpira ukambana sikio. "Haya, umeme umekatika na pumzi inakwisha. Bonyeza kitufe chako." Alikitazama kitufe. Kilikuwa mbali ajabu, na yeye ndiye aliyekipima kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa amesimama alipokipima. Kazi yote aliifanya amesimama, au amekaa kwenye kile kiti laini, na hata mara moja hakuwahi kulala pale alipolala mama yake.

Uso ulimshuka. Aliona haya mpaka akashindwa kuinuka.

"Nisamehe, Mama," alisema akiwa bado amelala, na mpira ungali puani.

"Sijasema hunipendi," Mama alijibu. "Unanipenda sana, tena unapenda na kahawa."

Hata mshonaji alicheka. Fyuzi aliinuka, akaenda karakanani, akarudi na kipande cha chaki, kile anachochorea mahali pa kutoboa. Akamwekea Mama mkononi. "Safari tunaisogeza mbele kidogo. Wewe lala, uchore unapofika. Popote utakapochora, ndipo nitakapofunga."

Mama alilala akachora misalaba midogo. Msalaba wa kitufe ulikaa karibu na mto, mahali mkono unapoangukia wenyewe. Wa taa pembeni yake, na wa soketi chini kidogo. Fyuzi naye aliongeza lake la kifundi: alinunua inveta ya pili, ndogo, ya mashine ya Mama peke yake, ili inveta ya jikoni ikizidiwa izimike na wali wake, isimguse mgonjwa. Ili ipate nafasi, mashine ya kahawa na televisheni zilitoka. Hakunung'unika, au tuseme alinung'unika moyoni.

Kisha Mama akageukia upande wa benchi, akachora tena. "Hapa taa nyingine. Iwe kali, na iwe na shingo ya kuzungushwa. Hapa soketi."

Fyuzi aliguswa moyo. Baada ya yote yale, mama yake bado alimfikiria na yeye, alale penye mwanga na simu yake iwe na chaji! Mama akachora msalaba wa mwisho karibu na mlango, chini kabisa. "Na hapa kishikio cha mkono."

"Hicho kitakuwa chini mno kwangu, Mama. Mimi naingia bila kushika kitu."

"Chaki yako au yangu?"

"Yako, Mama."

"Basi funga."

Akafunga. Wakafanya jaribio la pili, Fyuzi akachemsha kila kinachochemka kwa makusudi mpaka inveta ya jikoni ikasalimu amri. Mashine ya Mama iliendelea kunguruma kana kwamba haikuambiwa. Mama alitikisa kichwa kukubali, akasema, "Sasa mwambieni dada yangu asifumbe jicho."

Mshonaji alitangulia kwa basi, kisha Mama na Fyuzi wakasafiri salama. Alasiri ya siku ya pili kigari kiliingia uani kwa Mama Mkubwa, naye alikuwa amekaa kizingitini, ameelekeza uso kwenye mlio wa injini. Mlango ulipoburutwa, alikuja akipapasa. Mkono wake ukakiona kishikio pale chini kabisa, mahali anapokitafuta mzee anayepanda kwa magoti. Akapanda mwenyewe bila kusukumwa, akakaa kwenye benchi. Mama, akiwa amelala na mpira puani, alinyoosha mkono akawasha ile taa kali, akaizungusha shingo mpaka mwanga ukamwangukia yeye usoni.

Mama Mkubwa aliinama karibu kabisa, akautazama uso ule kwa lile jicho lililobaki.

"Umezeeka wewe!" alisema.

"Hilo ndilo jicho unalosema linaaga?" Mama alimjibu. "Mbona linaona aibu za watu?"

Walicheka, halafu wakashikana wakalia kama watoto, na Fyuzi aliyesimama mlangoni akalia nao. Kuuza pikipiki hakukumuuma tena hata kidogo.

Walipokuwa wakifuta machozi, mshonaji alitoka ndani ya nyumba amebeba mkoba uliofungwa tayari. Akaupitisha mlangoni, akauweka chini ya benchi, akachomeka simu ya Mama Mkubwa kwenye ile soketi.

"Mkoba wa nani huo?" Fyuzi aliuliza.

"Wa dada yangu," Mama alisema. "Tunarudi naye nyumbani. Anitazame mpaka jicho lichoke lenyewe."

"Vizuri sana, Mama. Lakini hapo si kitandani pangu? Mimi njiani nitalala wapi?"

Mama alinyoosha kidole mbele, kwenye kiti cha dereva. "Kile si kinalala chali? Ulikichagua mwenyewe, laini."

Fyuzi alitazama kiti, akaitazama taa yenye shingo, soketi, na kishikio kilichokuwa chini mno kwake. Ndipo alipoielewa misalaba yote. "Mama! Kumbe tangu siku ile ya chaki ulikuwa..."

"Mwanangu," Mama alisema akijivutia shuka na kumgawia dada yake nusu, "ulinipa chaki mkononi, ulitaka nichore kwa nani?"

Jibu walishalitoa wahenga: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.