Safari ya Ujiji Iliyokatikia Uvinza

Mvua haimwagiki kutoka katika mbingu nyeupe. Kwanza hujitokeza wingu dogo, kisha la pili, kisha upepo hugeuka, na aliyeanika mpunga uani huanza kuuanua bila kuambiwa. Ndivyo yalivyo mambo mengi yenye madhara: hayaingii kabla ya kubisha hodi. Ila hodi ya kwanza hubishwa taratibu, na wengi wetu huketi kungoja ya pili.

Bibi Dafrosa wa Chemchem, mjini Tabora, alikuwa mjane wa mwaka wa tisa. Kila alasiri, baada ya kuanua karanga zake, aliketi karibu na kabati la vyombo, akabonyeza simu aliyopewa na mwanawe, akamsikiliza marehemu mumewe. Mzee Leodgar alikuwa mrina asali, na babu yake alikuwa mpagazi, miongoni mwa wale waliobeba mizigo mabegani kutoka pwani hadi Ujiji na kurudi. Kutoka kwa babu huyo Leodgar alirithi nyimbo za njiani na vitendawili visivyo na idadi. Enzi za uhai wake alivirekodi kwa redio kaseti, huku watoto wakibishana nyuma yake na jogoo akiwika mahali pasipofaa. Kaseti zilifika kumi na moja.

Kitindamimba wao, Sixbert, alikuwa fundi wa simu na kompyuta huko Mtendeni. Yeye ndiye aliyezihamishia sauti zile katika kompyuta kuukuu aliyoigeuza kuwa seva ya nyumbani, yaani ghala moja ambamo simu zote za nyumba zilichota picha, nyimbo na filamu. Ndani yake mlikuwa na diski moja tu.

"Sasa baba yuko salama," alisema siku hiyo.

Dafrosa alimwamini kama anavyoamini kengele ya kanisa. Masika yaliyofuata alizivunja kaseti zote, akauvuta utepe wake na kuutandaza juu ya mtama wake kutoka mti hadi mti. Utepe uling'aa juani, ukavuma kila upepo ulipopita, na kwelea wakahamia kwa jirani. Hakuna aliyemlaumu, kwa kuwa kila mwenye mtama alifanya vivyo hivyo. Hivyo sauti ya Leodgar ikabaki pahali pamoja tu duniani, katika kisanduku cha bati kando ya kabati.

Alasiri moja, ndani ya simu, mzee alikuwa akitega kitendawili. Watoto walishindwa, wakampa mji, naye kama kawaida yake hakukubali mji mwingine ila Ujiji. Akaanza safari: "Nilitoka hapa Tabora, nikapita Urambo, nika..." Sauti ikakwama. Dafrosa akahesabu hadi sita, ndipo mumewe akaendelea, "...vuka Malagarasi." Katika ukimya ule bibi alisikia kitu ndani ya kisanduku. Tki.

Sixbert alipokuja Jumapili, mama yake alimweleza. Fundi akainama, akakunja uso.

"Mama, nani ameivisha hii sweta?"

"Hicho ni kitambaa. Redio ilikuwa na chake, televisheni ina chake. Ulitaka niiache uchi mbele ya wageni?"

"Hapa ulipofunika ndipo inapopumulia. Imechemka kama chungu tangu Pasaka."

"Mbona hukuniambia kwamba inapumua?"

Sixbert alicheka hadi akaegemea kabati. Akakivua kitambaa kile kizito cha uzi mwekundu, akapangusa vumbi kwenye feni, akabadilisha waya, kisha akawasha programu ya kupima afya ya diski. Kioo kikaandika: nzima. Chini yake palikuwa na mstari mwingine: vijisehemu vibovu, vinane.

"Hivi vinane ni nini?" mama aliuliza.

"Madoa tu. Diski ni kama shamba la vishamba maelfu kwa maelfu. Vinane havikunyimi ugali."

Dafrosa alisoma hadi darasa la nne, na huko alifunzwa kwamba tarakimu isiyoandikwa huota miguu. Alichukua penseli, akaandika 8 kwenye kalenda ya parokia.

Siku nne baadaye, Alhamisi asubuhi, Koleta, mke wa Sixbert, alikuja kuleta unga. Alimkuta mama mkwe wake amepiga magoti, ncha ya mwiko imegusa kisanduku na ncha nyingine imeingia sikioni.

"Shikamoo mama. Leo unapika kompyuta?"

"Marahaba mwanangu. Haijaiva. Njoo usikie."

Hivyo ndivyo Leodgar alivyoisikiliza mizinga yake. Aliegemeza fimbo kwenye gome la mzinga, akatega sikio upande wa pili, bila kufungua wala kugonga. Nyuki wazima, alisema, huvuma mfululizo kama mtu anayesaga. Mzinga wenye maradhi huvuma kwa kusitasita. Koleta akauchukua mwiko. Mvumo ulikuwapo. Kisha, tki. Kimya. Mvumo ukaanza upya, kama mzee anayejiinua kwenye kigoda.

"Mama, hii si feni."

"Nami nasema si feni. Ile hesabu ya mumeo unajua kuifungua?"

Koleta alijua. Kioo bado kiliandika nzima. Lakini mstari wa chini ulisema arobaini na moja. Wanawake wawili waliitazama kalenda, wakatazamana. Koleta akampigia mumewe simu, naye akafika kabla ya saa sita, begi begani.

"Zimeongezeka, sikatai," alisema. "Nitaipima kwa kina. Kipimo kitapita kila pembe ya diski, saa saba hivi, kisha tutajua kama kweli inakufa."

"Ikipimwa inafanya kazi au inapumzika?" Dafrosa aliuliza.

"Inafanya kazi. Sana."

"Baba yako alipoona kamba ya mzinga imeanza kuoza, alifanya nini?"

Sixbert alitua begi sakafuni. "Alirina kwanza."

"Hakuutikisa aone kama utaanguka?"

"Mama, mimi ndiye fundi hapa."

"Wewe ndiwe fundi. Mimi ndiye mwenye asali."

Koleta aligeukia dirishani ili asionekane anacheka. Sixbert alisimama na bisibisi mkononi, akautazama mwiko, akaitazama ile 8 ya penseli. Mwishowe alitoa diski mpya kutoka katika begi. Akaonya kwamba ya zamani ingesoma kwa mwendo wa kobe, na huenda isimalize.

"Basi chagueni. Tuanze na nini?"

Humo mlikuwa na mechi za mpira alizokusanya kwa miaka kumi. Humo mlikuwa na picha za harusi yake na Koleta. Dafrosa alichambua karanga zilizokwisha kuchambuliwa. Aliujua utepe uliooza kwenye mtama, na alijua ni mikono ya nani iliyoufunga.

"Picha za harusi nitaziomba kwa mpiga picha," Koleta alisema. "Baba tutamwomba nani?"

Kazi ikaanza. Sauti ya kaseti ya kwanza ikahama, ya pili ikahama. Ya tano ilikwama hadi chai ikapoa, kisha ikapita. Kila diski ilipogonga tki, Dafrosa aliinua macho, na Sixbert, bila kujijua, aliinua ya kwake pia. Kufikia saa kumi zilikuwa zimehama kumi. Ya kumi na moja ilisogea, ikasimama, ikasogea tena. Ndipo diski ikagonga mara tatu mfululizo kama kuku anayedonoa bati, na kioo kikaandika kwamba hakioni diski yoyote.

Sixbert aliizima, akaiacha ipoe, akaiwasha mara moja tu. Ikadonoa tena. Akaizima, akaketi sakafuni.

"Mechi zangu ndiyo basi," alisema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Ningeanza na kipimo, mama, saa hii kingekuwa katikati."

"Hebu nisikie mlipofikia," mama yake alimjibu.

Kumi zilikuwa nzima. Ya kumi na moja ilianza vyema, na sauti ya Leodgar ikajaa chumbani, jogoo wake nyuma: "Kitendawili." Watoto wakaitikia, "Tega." Akasema, "Namwita huitika, namfuata simwoni." Watoto wakabahatisha, wakashindwa, wakampa Ujiji. "Nilitoka hapa Tabora, nikapita Urambo, nikavuka Malagarasi, Uvinza nikalamba chumvi..." Hapo ikakatika.



"Mimi nilikuwa mdogo, kila mara nilisinzia kabla hajafika Ujiji," Sixbert alisema. "Jibu lilikuwa nini?"

Dafrosa alijifuta mikono kwenye kanga. "Washa hiyo simu inirekodi."

Akakohoa, akaketi wima kama anayepigwa picha. "Toka Uvinza alishika njia ya wapagazi, mabega yanamuuma. Akafika Ujiji, akaliona ziwa. Akageukia milima akapaza sauti, nayo milima ikaitika. Jibu ni mwangwi." Akakigeukia kile kisanduku. "Umefika, baba Sixbert. Tua mzigo."

Sixbert aliziunganisha sauti mbili zikawa moja, kisha akatengeneza nakala tatu: ya nyumbani, ya Mtendeni, na ya kwa kaka yake Nzega. Dafrosa akafuma kitambaa kingine chekundu, ila safari hii alikitandika chini ya seva. Penseli ilibaki imefungwa kwa uzi kwenye kalenda, na kila Jumapili Sixbert mwenyewe ndiye aliyeandika hesabu ya diski mpya kabla hajaketi kula. Maana Uvinza ilimfundisha kwamba anayesubiri tone la kwanza huanua mpunga uliokwisha kulowa: dalili ya mvua ni mawingu.