Kinoo cha Bibi Mashavu

Paukwa!

— Pakawa!

Mnaitika kivivu. Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Hadithi ya leo haichekeshi. Anayetaka kucheka ahamie kwa jirani, nasikia huko wana ya sungura.

Zamani hizo, babu wa babu zenu hawajaota meno, palikuwa na kijiji kando ya mto. Katika kijiji hicho aliishi bibi mmoja, Bibi Mashavu, na kazi yake ilikuwa kunyoa. Mtoto akizaliwa, siku ya kutolewa nje, Bibi Mashavu humnyoa nywele za kwanza. Mtu akifa, siku ya kuanua matanga, Bibi Mashavu huwanyoa wafiwa. Hakuna kichwa pale kijijini ambacho hakikupita mikononi mwake, na hakuna kilichotoka damu.

Siri haikuwa mkono. Siri ilikuwa kinoo, jiwe lake la kunolea wembe. Lilikuwa laini, laini hata inzi angeteleza. Kisu hakikuruhusiwa kuligusa. Panga ndiyo kabisa! Ukiliomba alikutukana wewe na aliyekutuma, maana bibi huyo, Mungu amrehemu, alikuwa na mdomo.

Sasa, Jumbe wa kijiji alikuwa na mkwe, mke wa mwanawe, jina lake Mize. Mize alikaa miaka na miaka bila mtoto. Mawifi wakamsema, wakachoka, wakapumzika, wakamsema tena. Mwisho akapata mtoto wa kiume. Jumbe akafurahi mpaka akapitiliza. Akaalika vijiji vya ng'ambo, akatoa fahali, akatangaza siku ya kumtoa mjukuu.

Asubuhi ya siku hiyo, Machano, mpwa wa Jumbe, ndiye aliyepewa kuchinja. Visu vyake butu. Akakiona kinoo kibarazani kwa Bibi Mashavu, bibi mwenyewe yumo ndani anaoga. Akakichukua. Akanoa visu, kwaruu! Akanoa na mapanga ya kuni, kwaruu, kwaruu! Kisha akakirudisha kimya kimya, kama hakuna kilichotokea.

Bibi akatoka, akapitisha kidole juu ya jiwe. Mifereji! Akapiga kelele.

"Nani ameniulia jiwe langu?"

Bibi akaenda kwa Mize.

"Mwanangu, kinoo kimeharibika. Nakwenda mtoni kuchagua kingine. Usimtoe mtoto mpaka nirudi."

"Nitangoja, bibi," akasema Mize.

Haya, twendeni naye mtoni. Nikisema kwaruu, ninyi semeni tupa.

Bibi akaokota jiwe jeusi, linang'aa. Akalichovya majini, akapitisha ukucha. Kwaruu!

— Tupa!

Akaokota jiwe jekundu. Likayanywa maji papo hapo, chembe zake zimeachana. Akapitisha ukucha. Kwaruu!

— Tupa!

Akaokota jiwe la kijani, zuri ajabu, ila lina mshipa wa mchanga katikati. Kwaruu!

— Tupa!

Jua likapanda. Machano akaja mbio.

"Shikamoo bibi. Wageni wamefika."

"Bado."

"Jumbe anasema jiwe ni jiwe."

"Na kichwa ni kichwa. Mwambie aniletee chake nianze nacho!"

Machano akarudi na maneno hayo, akayasema mbele ya wageni wote, bila kupunguza hata moja. Jumbe akavimba.

"Kizee ananidharau mbele za watu! Machano, wewe huna mkono? Huna wembe?"

"Ninao, mjomba."

Machano akakileta kile kile kinoo alichokiharibu, akanoa juu yake. Kwaruu!

— Tupa!

Semeni tena. Laiti mngekuwapo siku hiyo.

Machano akaujaribu wembe kwenye mkono wake. Nywele zikaanguka. Watu wakashangilia, "Unakata!" Ulikata kweli. Lakini mkono wa mwanamume si utosi wa mtoto mchanga, na makali yale yalikuwa na meno.

"Nimemwahidi bibi nitangoja," akasema Mize.

"Umemwahidi?" Jumbe akauliza. "Nyumba hii ya nani?"

Mize akamtazama mumewe. Mumewe akatazama chini. Mawifi wakaanza kunong'ona. Basi Mize akamtoa mtoto.

Huko mtoni bibi alikuwa ameokota jiwe la kijivu, dogo, halina sura. Akalichovya. Maji yakatulia juu yake, hayakuzama. Akapitisha ukucha. Sss. Akalisogeza sikioni, akapitisha tena. Sss. Akalifunga kwenye kanga, akakimbia na miguu yake ya uzee.

Alipofika alisikia kilio cha mtoto. Kichwa kizima kilikuwa michirizi ya damu.

"Mikwaruzo tu," akasema Jumbe. "Itapona. Leteni wali!"

Haikupona. Kichwa kikavimba. Homa ikaja. Bibi akaleta dawa, akafungiwa mlango. Mtoto akafa.

Na nani alilaumiwa? Machano? Jumbe? Wapi! Alilaumiwa yule aliyesema bado. "Ulimi wake ndio ulioniulia mjukuu," Jumbe akasema, na kijiji kizima kikatikisa kichwa kumkubalia, vichwa vile vile alivyovinyoa yeye. Akakatazwa kunyoa mtu yeyote. Inaniuma kila nikiisimulia.

Siku ya kuanua matanga, Machano akakaa uani na wembe wake. Wafiwa wakapanga foleni. Zamu ya Mize ilipofika, Mize akasimama, akakatiza uani mbele ya watu wote, akaenda mpaka kwa Bibi Mashavu. Akaketi chini.

"Bibi, nilishindwa kungoja."

"Hawakukuacha, mwanangu."

"Ninyoe."

Bibi akatoa lile jiwe la kijivu. Lilikuwa halijanoa wembe bado. Akalimwagia maji, akanoa wembe polepole. Sss, sss. Jiwe alilolichagua kwa kichwa cha mtoto, akamnyolea mama yake.

Halikutoka hata tone la damu. Mize akapapasa kichwa chake, kikavu, laini.

"Kumbe ingekuwa hivi," akasema.

Akalia mpaka jioni, na bibi akalia naye.

Leo kila nyumba ina kinoo cha wembe peke yake, kisu hakikigusi. Na kila anayenyoa humtaja Bibi Mashavu, mwenye hekima. Hekima! Alipokuwa hai waliiita kiburi. Basi ninyi mkimtaja, msimtaje kwa mdomo tu. Anayeijua kazi akiwaambia bado, ngojeni, hata kama wageni wamekaa na wali unaungua.

Hadithi yangu naiweka chini hapa. Nendeni mkawashike watoto wenu vichwa.