Kalunguyeye Alipoacha Kuimba Mtungini

Kamba ilifunguka yenyewe, au ilifunguliwa? Wanangu, hadithi hii nimeisimulia miaka mingi, na swali hilo limenishinda mpaka leo. Sikilizeni, huenda ninyi mkaona nisichokiona.

Hapo zamani za zabibu za kwanza, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kuoza binti zao, palikuwa na kijiji katika nchi ya Jojia, bondeni, chini ya milima yenye theluji. Huko divai haikuwekwa kwenye mapipa. Iliwekwa kwenye mitungi mikubwa ya udongo iliyozikwa ardhini mpaka shingoni, mdomo tu ukabaki juu, sawasawa na sakafu. Zabibu zilimiminwa humo pamoja na maganda na mbegu zake, mtungi ukafunikwa kwa jiwe, na ardhi ikafanya kazi iliyobaki mpaka theluji ilipoyeyuka.

Mtungi mkongwe kuliko yote ulikuwa wa Mzee Dubu. Babu wa babu yake aliuzika, kisha akajenga ghala juu yake. Asubuhi Dubu aliusalimia mtungi kwanza, mkewe baadaye.

Lakini mtungi lazima uoshwe kila mwaka kabla ya zabibu mpya, na mdomo wake ulikuwa mwembamba. Dubu hakuweza kuingia. Jirani yake, Mbwa Mwitu, hakuweza kuingia. Aliyeingia ni Bi Kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba anayejikunja akawa mpira. Hakuhitaji brashi. Alijikunja tu, akabingirika ukutani mwa mtungi, kwaru, kwaru, kwaru, mpaka udongo ukatakata.

Na muda wote huo aliimba. Ndiyo iliyokuwa sheria. Chini ya mtungi hubaki pumzi ya divai ya zamani. Ni nzito, haionekani, na ikimjaa mtu kifuani humlaza asiamke. Kwa hiyo mwoshaji alifungwa kamba kiunoni, akateremshwa, akaimba. Akinyamaza, walio juu walivuta. Na mtungi ambao mtu amefia ndani yake ulifukiwa siku hiyo hiyo, usitumike tena milele.

Sasa siku hiyo zabibu zilikuwa tayari zimejaa kwenye hori la mti, na vijana wanazikanyaga, chwata, chwata, chwata. Kalunguyeye alisimama kwenye mdomo wa mtungi, kamba kiunoni, lakini hakushuka.

"Mzee Dubu," akasema, "Jumamosi namwoza binti yangu Mzia. Naomba gudulia moja la divai ya mwaka jana. Wakwe wakikuta meza kavu, watasema wameoa mtoto wa kuokotwa."

Dubu akajikuna shingo. "Mama Mzia, desturi unaijua. Aliyebeba kikapu ana kikombe chake. Aliyekanyaga ana kikombe chake. Wewe hukubeba, wala hukukanyaga."

"Nimeosha. Mwaka wa kumi na moja huu."

"Kujikuna mgongo ukutani nako ni kazi?" Mbwa Mwitu akadakia. "Basi na mimi nilipwe. Viroboto wangu hawanipi hata siku moja ya mapumziko."

Vijana wakacheka mpaka wakapotea hatua. Dubu naye akacheka kidogo.

"Kazi ya mgongo haina kikombe," akasema. "Ndivyo alivyoniachia baba."

Hakusema kwa ubaya. Alishika alichokabidhiwa, kama wengi wetu tunavyoshika, bila kukigeuza aone upande wa pili.

"Haya," akasema Kalunguyeye. "Niteremsheni."

Mbwa Mwitu akashika kamba. Kwaru, kwaru, kwaru. Wimbo ukapanda kutoka ardhini, mzito na mtamu, kama unaimbwa na mnyama mkubwa mara kumi:

"Mtungi, mtungi, tumbo la ardhi,
nani akujuaye kwa ndani?"

Dubu akaenda kuangalia zabibu. Akaonja moja. Akaonja ya pili. Akageuka kumwambia Mbwa Mwitu jinsi zilivyoiva, ndipo akagundua kwamba hakuna anayeimba.

"Vuta," akasema.

Mbwa Mwitu akavuta. Kamba ikaja upesi mno, nyepesi mno. Ikatoka ncha yake, imelowa, haina mtu.

Waliokuwa kwenye hori wakasimama, mguu mmoja juu. Mbwa Mwitu akaitazama ile ncha mkononi mwake kana kwamba ni nyoka, kisha akaiangusha.

Na Dubu? Dubu aliganda. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa, *Mtungi wangu utafukiwa.* Wazo la pili ndilo lililokuwa, *Mama Mzia amekufa.* Aliyaona mawazo hayo yakija kwa mpangilio huo, na mpangilio huo ulimshtua kuliko kamba tupu.

Akajitupa chini, akatumbukiza kichwa mtungini. "Mama Mzia!"

Kichwa kikaingia mpaka masikioni. Kikapita masikio. Kikakwama, kwaa.

Giza. Harufu kali ya siki. Dubu akavuta, wapi. Nyuma yake Mbwa Mwitu akamshika miguu, akavuta pia, na shingo ya mtungi ikalia, kriii, kama inataka kupasuka.

"Acheni!" akanguruma. "Mtauvunja!"

Kutoka chini gizani, sauti ndogo ikasema, "Mzee Dubu, umenizibia hewa."

Nywele zikamsimama mwili mzima. "Mama Mzia? U hai?"

"Kwa sasa. Hewa iliyobaki ni ya kugawana, na pua yako ni kubwa."

"Kamba imekuwaje?"

"Tukianza maswali tutakufa sote wawili. Njia ya kukutoa ninayo. Ila ni kazi ya mgongo, na kazi ya mgongo, nimesikia, haina kikombe."

Dubu alisikia moyo wake ukidunda ndani ya udongo, du, du, du. Katika miaka yake yote hakuwahi kuuona mtungi wake kwa ndani. Hakujua kwamba ni baridi hivi. Hakujua kwamba giza lake linakaa kifuani.

"Ina kikombe," akasema.

"Sauti imefifia."

"Kazi ya mgongo ina kikombe! Ina gudulia zima!"

Ghalani mlikuwa na mitungi mingine mitatu, mitupu, imeachwa wazi. Sauti ya Dubu ilipita udongoni, ikatokea kwenye midomo yote mitatu kwa pamoja: *zima, zima, zima*. Kijiji chote kikasikia.

"Basi nisamehe," akasema Kalunguyeye. "Itauma."

Akajikunja, akaruka, miiba ikamwingia Dubu puani, chwaa. Dubu hakukumbuka tena masikio wala shingo. Alichomoka, po, akaangukia ndani ya hori la zabibu, miguu juu.

Wakateremsha kamba haraka. Kalunguyeye akajifunga mwenyewe, akavutwa juu. Alikuwa anakohoa, na macho yamekuwa mekundu.

Mbwa Mwitu aliigeuza ncha ya kamba huku na huku. "Hii haijakatika. Fundo limefunguliwa."

"Au limefunguka," akasema Kalunguyeye. "Wewe ndiye uliyelifunga."

"Ametufanyia hila, Mzee. Mfukuze kijijini."

Wote wakamtazama Dubu. Alikuwa amekaa katikati ya zabibu, pua imevimba kama kiazi. Alimtazama yule mnyama mdogo anayekohoa. Kama ni hila, aliifanya akiwa amekaa ndani ya pumzi inayoua. Dubu alikumbuka mpangilio wa mawazo yake mawili, akaona hana uso wa kumhukumu mtu.

"Sitauliza tena habari za fundo," akasema. "Na asiulize mtu. Tangu leo mwoshaji anakunywa kwanza, mwenye mtungi baadaye. Na kamba itashikwa na mwenye mtungi mwenyewe, ili asikie wimbo, na asikie pia ukikoma."

Kisha hakutuma kijana, hakumtuma Mbwa Mwitu. Aliinuka mwenyewe, juisi ikimchuruzika, akajaza gudulia kubwa kuliko yote divai ya mwaka jana, akaliweka begani, akapanda nalo kilima mchana kweupe mpaka mlangoni kwa Mama Mzia, watu wote wakimwona.

Anayeshuka gizani ili wengine wanywe, asiachwe nje ya meza.